Kutembea Mbele ya Watu

Mwaka jana nilipoanza kukimbia nilikuwa na ujanja mmoja ambao sijawahi kumwambia mtu. Nikikaribia steji ya Congo pale Kawangware huku pumzi imeniishia, nilitoa simu mfukoni, nikaiweka sikioni na kuanza kutembea. "Eeh. Sawa. Nitakuletea kesho." Upande wa pili hakukuwa na mtu. Vijana wa nduthi walioegemea pikipiki zao waliona mtu aliyekatizwa mbio na shughuli ya maana, si mtu aliyeshindwa kumaliza mita mia tatu. Nikishawapita na kona kunificha, narudisha simu mfukoni na kuendelea kutembea vilevile, ila sasa bila aibu kwa sababu hakuna anayeniona.

Hebu fikiria. Wale vijana siwajui, na wao hawanijui. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nakimbia kilomita ngapi. Sasa niliwadanganya kwa nini?

Swali hilo limenikalia kichwani kuliko nilivyotarajia, kwa sababu jambo hilohilo nilikuwa nimeshamfanyia mtu ninayemjua sana, na kwa muda mrefu zaidi. Lakini wacha nianze na mbio.

Mimi si mtu wa mbio. Najua sisi Wakenya dunia inatuangalia miguu kwanza, lakini mimi natoka Vihiga, si Iten, na siku za michezo shuleni nilikuwa yule wa kubebea wenzake masweta. Nilianza kukimbia kwa sababu ya kawaida kabisa. Kazi yangu ni kuandikia watu vitu vya mtandaoni, kwa hivyo kutwa nimekaa, chumba kimoja, chai na mandazi. Siku moja nilipanda ngazi hadi orofa ya nne kumwona mwenye nyumba, na alipofungua mlango sikuweza kuongea. Nilikuwa nimeenda kumwomba anisongezee tarehe ya kodi. Nadhani alinihurumia kwa kudhani ni ugonjwa.

Siku ya kwanza nilifanya makosa ya kila mtu. Raba za mtumba kutoka Toi, saa kumi na mbili asubuhi, nikatoka mbio kama mtu anayefukuzwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku haina huruma na mgeni wa mbio hata kama amezaliwa juu vilevile. Muda si muda nilikuwa nimejishika magoti kando ya mtaro. Watu wa mjengo, wale wanaotoka Kawangware kila alfajiri kwa miguu hadi Lavington na Kileleshwa kwa sababu nauli ni pesa, wakanipita. Wakitembea. Mzee mmoja akasema bila kugeuka, "Pole, kijana."

Baadaye rafiki akanitumia programu inayoitwa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi hadi kilomita 5. Iliandikwa mwaka wa 1996 na Mmarekani, Josh Clark, ambaye miongoni mwa watu aliotaka kuwainua kwenye kochi alikuwemo mama yake mzazi. Ni wiki tisa, siku tatu kwa wiki, kama nusu saa kila siku. Wiki ya kwanza unatembea kwa haraka dakika tano, kisha unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unakimbia tena sekunde 60, hivyo hivyo kwa dakika 20. Ukipiga hesabu utaona kwamba unatembea kuliko unavyokimbia. Mtu mzima na ndevu zangu, nikaambiwa nikimbie dakika moja.

Kilichonishangaza hata hivyo si wepesi wake. Ni kwamba kusimama kumeandikwa. Husubiri mwili ukushinde ndipo utembee. Unatembea kwa sababu wakati wa kutembea umefika, hata kama bado una nguvu. Jeff Galloway, Mmarekani mwingine ambaye alikimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki za Munich mwaka wa 1972, amejulikana kwa kufundisha hivyo: tembea kabla hujachoka.

Kuna sababu ya kimwili. Moyo na mapafu hujifunza upesi, ndani ya wiki chache unaona tofauti. Lakini mifupa na kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mfupa, hujifunza polepole sana, kwa miezi. Kwa hivyo kuna kipindi cha hatari ambapo kifua kinakuambia twende, na mguu haujawa tayari lakini hauna namna ya kukuambia isipokuwa kwa kuumia. Zile siku za kupumzika na zile sekunde 90 zimewekwa kwa ajili ya huo mguu.

Sasa, kengele ya programu ikilia haijui nani amesimama kando ya barabara. Ililia wiki ya tatu nikiwa Gitanga Road karibu na Valley Arcade, mbele ya watu wanaongoja matatu. Simu ya uongo nilikuwa nimeshaipokea mbele ya watu wengi kama hao dakika chache kabla. Nikaona aibu kuipokea tena, nikaendelea kukimbia. Ikawa mazoea. Palipo na watu, nakimbia. Palipo na kuta ndefu za Lavington, nyaya za umeme juu na soja mmoja anayesinzia getini, natembea. Ratiba niliyokuwa nafuata haikuwa tena ya programu, ilikuwa ya macho ya watu. Mwisho wa wiki ile nikaamka na maumivu kwenye muundi, mfupa wa mbele ya mguu, kama mtu amepitisha waya wa moto humo ndani. Nikakaa nyumbani wiki tatu.

Ni wakati huo, nimenyoosha mguu kwenye kitanda, ndipo nilipomkumbuka mama na chuo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea takwimu. Hakuna kisa kikubwa: nilianguka mitihani miwili, nikakosa darasa wiki moja, wiki ya pili ikawa ngumu kurudi kuliko ya kwanza, basi. Lakini kila asubuhi nilivaa, nikabeba begi, nikapanda matatu hadi tao. Nilishinda maktaba ya McMillan, ile ya Banda Street yenye simba wawili mlangoni ambayo imekuwepo tangu 1931, nikisoma riwaya. Mchana nikihamia Jeevanjee kusikiliza wahubiri na wanasiasa wa benchi. Kiswahili kina kejeli yake: kushinda ni kupata ushindi, na kushinda pia ni kukaa mahali kutwa. Miezi ile nilishinda kila siku, kwa maana ya pili tu.

Mama anauza omena na ndizi soko la Luanda. Akinipigia jioni huuliza, "Baba, masomo inaendaje?" Nami nasema, "Inaendelea vizuri, mama." Ikaenda hivyo miezi minane. Mwezi wa saba alikopa chama chake shilingi 40,000 za karo akanitumia. Zikawa kodi, chakula, na bando.

Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo. Unaandika barua, unaeleza sababu, unatafuta sahihi, unapewa muhula au mwaka. Tofauti ya aliyepumzika na aliyepotea ni karatasi moja tu. Nilijua hilo tangu mwanzo. Sikuiandika ile barua kwa sababu ingenibidi niseme kwa sauti kwamba nimechoka, kwanza kwa karani, halafu nyumbani. Nikaona afadhali niendelee kukimbia mbele ya watu.

Kwa hivyo mjomba wangu anaposema kwenye kila mkutano wa familia kwamba kosa langu ni kuacha shule, mimi hunyamaza, lakini sikubaliani naye. Tumelelewa kwa hadithi za wasioacha. Kila mtoto wa huku amesikia habari za Kipchoge Keino, Mexico mwaka wa 1968: kwenye mita 10,000 maumivu ya nyongo yalimwangusha zikiwa zimebaki raundi mbili, akatoka nje ya njia, na kwa kutoka akawa ameshaondolewa kwenye mashindano, lakini akarudi akamaliza. Wiki moja baadaye akashinda dhahabu ya mita 1,500. Kwenye michezo hiyohiyo John Stephen Akhwari wa Tanzania alimaliza marathoni wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, uwanja umeanza kuwa mtupu. Ni hadithi nzuri. Ubaya wake ni kwamba zinamfanya mtu aone kusimama kama dhambi, na mtu akishaona kusimama ni dhambi, akisimama atajificha.

Tarehe 10 Agosti 2024 tulikuwa kwenye kibanda cha chai tukitazama marathoni ya Paris. Eliud Kipchoge, mabingwa wawili wa Olimpiki katika mtu mmoja, 2016 na ile ya Tokyo, yule wa 1:59:40 kule Vienna, aliachwa nyuma mapema. Baada ya kilomita 30 akaacha kukimbia. Akatembea barabarani mbele ya kila mtu, na vitu vyake, hata viatu, akawagawia mashabiki. Pale kibandani kulikuwa kimya. Mzee mmoja akasema ni aibu, angejikaza tu amalize. Mimi wakati ule nilikubaliana na mzee. Sasa nikikumbuka, naona hakupokea simu yoyote.

Jirani yangu wa mlango wa pili nilimweleza haya yote tukianua nguo, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kitu ambacho sijakimaliza hadi leo. "Kwa hivyo ukitangaza kwanza, unaweza kuacha chochote? Baba yangu alituaga. Alikaa kwa meza, akasema anaenda, akaenda. Hakudanganya mtu."

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimelitafuta, na nililo nalo ni hili, ingawa si kamili. Kusema ukweli hakufuti deni. Baba yake alikuwa na deni alipokaa mezani na aliliacha palepale alipoinuka. Lakini mama yake, kwa maneno yake mwenyewe, alianza kuuza chapati wiki ileile. Alijua amebaki peke yake, akapanga maisha kwa kujua hivyo. Mama yangu mimi alipanga maisha kwa habari za uongo. Alikopa pesa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hakuwepo. Nilichomnyang'anya si degri, maana degri ilikuwa yangu na hasara yake ni yangu kwa sehemu kubwa. Nilimnyang'anya uamuzi. Angejua, labda angenituma nirudi, labda angenitukana, labda angenunua mbuzi. Ilikuwa haki yake kuchagua.

Vijana wa Congo hawakupanga chochote kwa kuamini simu yangu. Kwa hesabu hiyo uongo niliowaambia haukumwibia mtu, ni uongo mwepesi, karibu mchezo. Ila nashuku hesabu hiyo. Mkono ulioinua simu pale steji ulikuwa na wepesi wa mazoezi ya miezi minane, na ni mguu wangu uliolipa.

Kuna jambo lingine siwezi kulikwepa. Katika programu, sekunde 90 zikiisha kengele inalia tena unakimbia. Kusimama kule kuna mwisho. Kwa chuo mimi sina kengele. Watu wakiniuliza nasema nimepumzika kidogo, na kila nikisema hivyo nasikia ile "Eeh, sawa, nitakuletea kesho." Labda nimeacha. Labda neno la haki ni hilo na mjomba ana nusu ya ukweli.

Mama nilimwambia mwezi wa nane, kwa simu, nimesimama nje ya Archives kelele za matatu zikinisaidia. Alinyamaza nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Na ile ya chama?" Hakuuliza kingine siku hiyo. Namtumia shilingi elfu mbili kila mwezi kwa M-Pesa, mwezi mwingine elfu moja. Zimefika 26,000. Kila zikiingia ananijibu neno moja, "Imefika." Hajawahi kusema amenisamehe, na mimi sijamwuliza.

Mguu ulipopona nilianza programu upya kutoka wiki ya kwanza, sekunde 60 kwa 90, na simu nikaifungia kwenye mfuko wa nyuma wenye zipu. Asubuhi ya kwanza kengele ililia nikiwa mbele ya steji kabisa, pikipiki saba au nane, wote wakinitazama. Nikaacha kukimbia. Nikatembea.

"Buda," mmoja akaita, "imeisha?"

"Bado," nikamwambia. "Natembea sekunde tisini."

"Tisini?"

"Tisini."

Akacheka, wenzake wakacheka, akaanza kunihesabia kwa sauti ya kanisani, moja, mbili, tatu. Alipofika arobaini na kitu akapata abiria wa kwenda Yaya, wakaelewana bei, akawasha pikipiki akaenda.