Doa Ndani ya Ndoa

Shangazi yangu hujaza chemshabongo ya gazeti kwa penseli, miwani ikiwa puani, na hataki kusemeshwa mpaka amalize. Alifanya kazi posta karibu maisha yake yote, na nadhani ndiko alikojifunza kutazama herufi moja moja. Ndiye aliyenifundisha mchezo huu nikiwa darasa la tano, na ndiye niliyemkosea kwa mchezo huohuo.

Miaka minane iliyopita binti yake, binamu yangu, alikuwa anaagwa, Morogoro. Kamati ikanipa kazi ya kuandaa kijarida cha ratiba. Kwa kuwa kila mtu anajua kwamba kadi ikisema saa kumi na mbili maharusi wataingia saa mbili na nusu, nikaona niweke fumbo la maneno ukurasa wa nyuma, wageni wajishughulishe huku wakisubiri. Nikaamua liwe na maneno yaliyofichwa.

Kwa asiyeujua mtindo huu: mtunzi huchagua majibu marefu ambayo ndani yake kuna neno jingine fupi, herufi zikifuatana bila kurukwa. Vyumba vya neno hilo la ndani huwekewa viduara, na anayejaza hugundua mwishoni kwamba maneno yote ya ndani ni ya ukoo mmoja, labda yote ni wanyama, au yote ni vyakula. Watunzi wazuri wana sheria yao: neno la ndani lisiwe ndugu wa neno la nje. Kuficha NYUMBA ndani ya NYUMBANI si kuficha, ni kuacha mlango wazi. Lakini KUKU ndani ya SIKUKUU, hapo umefanya kazi. Kuku huyo hana undugu wowote na sikukuu, ingawa siku hiyo ndiyo anayochinjwa.

Kiswahili kimejaa maficho ya aina hii. SERIKALI ina KALI. HABARI ina HABA. MKALIMANI amebeba IMANI mwishoni. KITABU kina TABU, na kila mwanafunzi amewahi kulitania hilo, ilhali maneno yenyewe yalitoka katika mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Hata HAKI iliyomo ndani ya HAKIMU ni bahati tu. Kwa Kiarabu haki huandikwa kwa qaf na hakimu kwa kaf. Sisi tulipozitamka k zote sawa, tukamwekea hakimu haki mdomoni bila yeye kuomba.

Hapo ndipo swali langu linapoanza. Neno likionekana ndani ya neno jingine, na hakuna aliyeliweka, je, limo? Na likimuumiza mtu, nani ameumiza?

Mei 2012 huko Venezuela, mtangazaji wa televisheni ya taifa alishika gazeti la Últimas Noticias hewani, akasema fumbo lake la maneno limeficha agizo la kumuua Adán Chávez, kaka wa rais Hugo Chávez. Majibu ya fumbo hilo yalikuwa na jina Adán, na neno la Kihispania lenye maana ya «waue», na jingine, ráfaga, ambalo laweza kuwa mfululizo wa risasi au upepo wa ghafla tu. Mtunzi, Neptalí Segovia, alihojiwa na watu wa idara ya usalama. Alisema hakuna alichoficha. Namwamini, na sababu yangu ni ya kifundi tu: ukishaweka majibu machache kwenye miraba, majibu mengine hujichagua yenyewe. Unahitaji neno la herufi sita, ya pili ni A na ya tano ni G, na unachukua lolote linaloingia. Anayetafuta njama humo ataipata, kama anayetafuta sura kwenye mawingu.

Lakini kisa cha Leonard Dawe kinanipunguzia uhakika. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule Uingereza na mtunzi wa mafumbo ya Daily Telegraph. Mei na mwanzoni mwa Juni 1944, katika wiki za mwisho kabla ya majeshi kuvuka kwenda Normandy, mafumbo yake yalitoa majibu Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya operesheni hiyo. Maafisa wa usalama walimhoji, wakaridhika kwamba hajui kitu. Miaka 40 baadaye, mwaka 1984, mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alisema kwamba Dawe alikuwa akiwapa wavulana miraba mitupu waijaze maneno, kisha yeye anaandika vidokezo. Na kijana huyo, kwa maelezo yake, maneno hayo aliyasikia kwa wanajeshi waliopiga kambi jirani. Wapo wanaokitilia shaka kisa hicho. Kikiwa kweli, basi Dawe hakuficha kitu, wala haikuwa bahati. Maneno yaliingia kwa mkono wa mtu aliyeyapenda mlio wake tu. Kati ya kukusudia na kutokusudia kumbe kuna chumba cha tatu, na wamo watu wengi.

Nirudi Morogoro. Nilitunga fumbo langu usiku, jikoni, na daftari la miraba. (Kutunga kwa Kiswahili kuna raha na karaha yake: maneno yetu karibu yote huishia irabu, hivyo ukingo wa kulia na wa chini hujaa A na I kama shanga.) Neno langu la kuficha lilikuwa vyakula vya karamu. Nilikuwa na SIKUKUU yenye kuku. Nilikuwa na MWALIMU, ambaye ndani yake kuna WALI. Nilikuwa na KISIMA kwa ajili ya SIMA, ijapokuwa huku kwetu tunasema ugali. Viduara vilikwenda kwenye hivyo vitatu. Katikati, kwa heshima ya shughuli, nikaweka NDOA, na kando yake FAMILIA.

Ilikuwa saa saba usiku nilipoliona. Ondoa N, na iliyobaki ni DOA. Ndani ya FAMILIA kulikuwa na LIA.

Lazima nieleze jambo moja. Binamu yangu alikuwa amewahi kuposwa. Mahari ilikuwa imepokelewa nusu, kisha upande wa pili wakajitoa, na kwenye kikao cha ukoo mzee mmoja, sitamtaja, alisema kwamba binti ameachiwa doa. Hilo ndilo neno alilotumia. Shangazi alitoka nje ya kile kikao na hakurudi.

Mimi nilikuwemo. Kwa hiyo nilipoliona saa saba usiku, nilijua limebeba nini. Ningeweza kuweka HARUSI na kupanga upya ile pembe. Ingechukua dakika ishirini. Sikufanya. Nilijiambia kwamba halina kiduara, hakuna atakayeliona, kwamba lugha ndiyo iliyolitia humo na si mimi. Na, nikisema ukweli wote, lilinifurahisha. Si kwa ubaya kwake. Lilinifurahisha jinsi kitu kilivyokaa vizuri, herufi tatu kati ya nne. Watunzi wana udhaifu huu.

Siku ya sherehe maharusi walichelewa, kama nilivyotegemea, na shangazi akatoa penseli mkobani. Nilimwona akijaza. Alipomaliza alikuja nilipokuwa nimesimama karibu na spika. Alikuwa ameweka viduara vyake mwenyewe, viwili, kwa mkono uliotulia.

«Mwanangu, uliliona hili?»

«Hapana, shangazi. Lipi?»

Hakunionyesha. Alikunja kijarida mara mbili, akakitia kwenye mkoba, akaenda kumpokea binti yake.

Huwa nawafikiria wale waliotumia maficho vizuri. John Graham, padri wa Kianglikana aliyetunga mafumbo ya The Guardian kwa jina la Araucaria, Januari 2013 aliwajulisha wasomaji wake kwamba ana saratani ya umio, na njia aliyotumia ni fumbo. Aliyejaza alipata ugonjwa, kiungo, na aina ya matunzo anayopewa, jibu moja baada ya jingine. Naona kulikuwa na adabu kubwa pale: hakumrushia mtu habari nzito usoni, alimwacha aifikie kwa mwendo wake. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Sisi watu wa kanga tunaielewa adabu hiyo. Tunaijua pia ile kanga nyingine, inayovaliwa makusudi ili jirani aisome mgongoni, na mwenye kuivaa akiulizwa husema, «Mimi nimependa rangi tu.»

Jibu langu pale kwenye spika lilikuwa la yule wa rangi tu. Segovia aliposema hakuficha kitu alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu hakuona. Mimi niliona, nikaacha. Sikuliweka lile doa, lakini nililipa ruhusa ya kukaa, na dakika ishirini ndizo zilizokuwa bei ya kulitoa.

Pasaka iliyopita nilikuwa kwake. Binamu ana watoto wawili sasa, walikuwa uani wanapigania mpira. Shangazi alikuwa na gazeti magotini. Nikamwambia, bila kutangulia na maneno mengi, kwamba ile siku niliulizwa kitu na nilijibu uongo. Niliona.

Hakuinua kichwa.

«Nilijua. Ulijibu haraka mno.»

Nikangoja aendelee. Penseli ilikuwa inagonga gonga ukingo wa gazeti.

«Herufi nne,» akasema. «Chombo cha kuchotea maji mtungini. Inaanza na K.»

«Kata.»

Akaandika.