Picha Nayo Ni Ushahidi



Msemaji wa zamani alisimama mbele ya watu na ulimi wake tu. Wa leo, akihutubia Kitale au Bungoma, huja na kompyuta na projekta, na ukutani zikaonekana picha na michoro. Vyombo hivi hatuvilaumu. Asiyejua kusoma hufahamu kwa picha, na aliyekaa nyuma huona sawa na aliye mbele. Tunalouliza ni hili: je, nia njema yahalalisha picha isiyo ya kweli?

Natupige mfano. Mwezi wa Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliua watu wengi Pokot Magharibi, jirani ya Kitale. Tuseme mtu asimama Kitale kuwachangishia waliofikwa, na kwa kuwa hana picha ya msiba ule, aonyesha ya Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, ambako kijiji cha Nametsi kilifukiwa tarehe 1 Machi 2010. Jina la mahali halitaji. Watu walia, fedha zapatikana, wenye njaa washiba. Kisha auliza: "Nimemdhuru nani?"

Twamjibu: umewadhuru watakaofikwa na msiba kesho, maana uwongo ukijulikana, hata picha ya kweli haitasadikiwa. Maneno msikilizaji huyapima, lakini picha huingia moyoni kabla akili haijabisha hodi. Kwa hiyo aonyeshaye picha ni shahidi, na shahidi hueleza alichokileta ni cha wapi na cha lini. Lau angalisema, "Hii ni Bududa, mwaka 2010, na yaliyowapata ndugu zetu wa Pokot yafanana na haya," angalipata mchango, na uaminifu wake ungalibaki.

Michoro ya hesabu nayo yaweza kudanganya bila ya tarakimu moja kuwa ya uwongo. Mkulima wa Bungoma aambiwe kuwa mbegu ya zamani yatoa magunia 20 ya mahindi kwa ekari, na mpya 22. Mchoraji akianza kipimo kwenye 18 badala ya sifuri, nguzo ya pili itaonekana ndefu mara mbili ya ile ya kwanza, hali ya kuwa nyongeza ni sehemu moja tu katika kumi. Na mkulima hununua mbegu kwa alichokiona.

Tena uso wa mtu ni amana. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Lakini hata pasingekuwa na sheria, yatima haombewi msaada kwa kufedheheshwa.

Basi kila picha na itajwe mahali pake na mwaka wake, na kila mchoro useme wapi umeanzia. Na msemaji asiyeweza kuyataja hayo, heri auache ukuta mtupu, aseme alijualo.