Kuambiwa na Kujua
Anayejiwekea desturi ya kusoma makala za utafiti wa biolojia hukutana na swali la kale: je, kuambiwa ni kujua? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kitabu cha shule hutoa hitimisho tu. Makala yenyewe huonyesha wanaume 30 wa Kiluo walioambukizwa kwa makusudi, wakitajwa kuwa wa kujitolea: kati ya 15 wenye jeni hiyo, 2 walionekana na vimelea, kati ya 15 wasio nayo, 14. Hapo msomaji hupima hoja, na dhamiri pia, kwani malaria huua. Muhtasari hautoshi, sehemu ya mbinu isomwe kwanza.