Kiongozi Asiyetaja Mrithi

Mtu aliyeanzisha kazi ambayo wengine wameijenga kwa hiari, bila ya ujira, ana wajibu gani siku ya kuondoka kwake? Guido van Rossum, Mholanzi, aliitoa kwa umma mwaka 1991 lugha ya kuandikia programu za kompyuta iitwayo Python. Wenziwe walimwita, nusu kwa mzaha, dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya kanuni moja ndogo ya lugha hiyo, alijiuzulu. Hakutaja mrithi, aliwaachia wenziwe waamue wenyewe namna ya kutawalana.

Wapo watakaosema kuwa huko ni kuwatupa watoto njiani. Mimi nasita. Mtu ajitoleaye hafungwi na mshahara. Hutii kwa kuwa ameridhika, na asiporidhika hufunga virago. Ridhaa ya namna hiyo hairithishwi kama shamba. Lakini sina budi kukiri kwamba miezi ya majadiliano iliyofuata ilikuwa na gharama, na walioilipa ni wale waliobaki.

Desemba wakapiga kura, wakakubali kuongozwa na baraza la watu watano. Baraza lilipochaguliwa mwanzoni mwa 2019, Van Rossum mwenyewe alikuwamo. Hapo ndipo shaka yangu ilipo: aliyekuwa na neno la mwisho akiketi pamoja na wanne, je, sauti yake huhesabiwa kuwa moja tu? Katika uchaguzi uliofuata alijitoa miongoni mwa wagombea.