Ile Hela Tuma kwa Namba Hii



Jirani yangu anauza vitenge. Siku moja alikuwa akisubiri namba ya kumlipa mwenye nyumba, simu ikalia: "Ile hela tuma kwa namba hii, jina litakuja la mke wangu." Akatuma. Jioni mwenye nyumba akabisha hodi kudai kodi yake.

Tapeli hakumjua. Ujumbe ule hutumwa kwa watu wengi, naye husubiri yule mmoja anayedaiwa kweli. Mwingine hupiga akisema, "Nimekosea, nimekutumia hela, nirudishie," na meseji ya kughushi imeshaingia. Kabla ya kurudisha chochote, tazama salio lako. Kama halijaongezeka, hakuna hela iliyoingia.

Wote hawa silaha yao ni haraka. Hawataki upate muda wa kufikiri, wala wa kumuuliza mwenzio. Basi vuta pumzi. Mpigie unayemdai au anayekudai kwa namba uliyoizoea. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijiita mhudumu wa mtandao. Hapa Tanzania, tuma neno UTAPELI kwenda 15040 uripoti namba ya tapeli.

Na ukishaibiwa, usikae kimya kwa aibu. Aibu ni ya mwizi. Simulia nyumbani, simulia sokoni. Kisa chako kitaokoa kodi ya mwenzio.

Haraka haraka haina baraka.