Litaanguka Lenyewe

Iko hoja moja ambayo sote tumepata kuisikia, na wengine wetu kuitoa: "Hata hivyo kingeharibika tu." Mti ulikuwa umekwisha kuoza. Ukuta ulikuwa na ufa. Mzee alikuwa amekwisha kuchoka. Hoja hii si ya kutupwa mara moja, kwa maana mara nyingi ni kweli kabisa kwamba kitu kingeharibika. Tuipime basi kwa mfano wa mawe, kwa kuwa jiwe halioni uchungu, na huruma haitatuchanganya akili.

Huko Marekani, kusini ya jimbo la Utah, pana mahali paitwapo Bryce Canyon. Nchi ile ni kavu, nusu jangwa, lakini ukingo wa bonde uko juu sana, mita 2,400 hadi 2,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa hiyo wakati wa baridi theluji huanguka kwa wingi. Chini ya ukingo zimesimama nguzo za mawe, maelfu kwa maelfu, nyekundu na za rangi ya chungwa na nyeupe, nyingine zimejitwika jiwe kubwa kama mama aliyejitwika mtungi. Jina limetokana na Ebenezer Bryce, Mskoti aliyehamia bonde lile miaka ya 1870. Wapaiute, ambao nchi hii ni yao tangu zamani, husimulia kwamba nguzo hizi walikuwa watu wa kale waliotenda maovu, wakageuzwa mawe na Koyote, mnyama wa jamii ya mbweha. Mwaka 1928 mahali hapo pakawa hifadhi ya taifa. (Aliyefika Isimila, karibu na Iringa, amekwisha kuona wadogo zao nguzo hizi, ila hawana theluji.)

Aliyezichonga ni baridi. Mchana theluji huyeyuka, maji yakaingia katika nyufa. Usiku maji huganda, na yakiganda huongezeka ukubwa karibu sehemu 9 kwa 100, yakaupanua ufa kama kabari ipanuavyo gogo. Jambo hili hutokea zaidi ya siku 150 kila mwaka. Mvua nayo hulila jiwe lenyewe, maana ni la chokaa. Kwanza huwa ukuta, kisha ukuta hutoboka dirisha, kisha juu ya dirisha hubomoka, ikabaki nguzo. Na nguzo nayo siku moja huwa kifusi. Baridi ile ile iliyoisimamisha ndiyo itakayoiangusha.

Sasa tuseme mume na mke wanashuka katika njia ya bonde lile mwezi wa Februari. Wamefunga meno ya chuma chini ya viatu, kwa sababu njia ni barafu tupu. Theluji imelala juu ya mawe mekundu, na kimya ni kikubwa kiasi kwamba wanasikia pumzi zao. Kando ya njia mume anaona nguzo ndogo, ya kimo cha mtu, na jiwe la juu yake limekaa kama sahani juu ya kidole. Anasema akilisukuma kidogo tu litaanguka. Mke anamkataza. Mume anacheka na kuuliza, nani ataumia? Jiwe halina habari. Nguzo ziko maelfu. Hakuna anayewaona. Tena litaanguka lenyewe, pengine usiku huu huu! Mke anajua moyoni kwamba si vema, lakini hana la kumjibu.

Mfano huu haukutoka mbali. Mwezi wa Oktoba 2013, katika jimbo hilo hilo la Utah, mahali paitwapo Goblin Valley, watu wazima waliokuwa viongozi wa skauti walisukuma jiwe kubwa kutoka juu ya nguzo yake huku wakijipiga picha za sinema na kushangilia. Walijitetea kwamba jiwe lilikuwa karibu kuanguka na wangeweza kuumia watoto. Mwaka 2014 walikiri kosa mahakamani. Watu wa nchi nyingi waliwakasirikia sana.

Lakini miaka kumi kabla ya hapo, tarehe 3 Mei 2003, katika jimbo la New Hampshire, mwamba mashuhuri uliofanana na uso wa mzee ulianguka wenyewe usiku, baada ya watu kuushikilia kwa vyuma miaka mingi. Pale watu walihuzunika, na wengine walileta maua kama msibani. Hawakumkasirikia mtu. Hasara ilikuwa kubwa kuliko ile ya Goblin Valley, wala hasira haikuwapo. Basi hasira ya mwaka 2013 haikuwa juu ya jiwe kupotea peke yake.

Ilikuwa juu ya nini? Mke angeweza kusema kwamba jiwe ni mali ya wote, na wa kesho nao wana haki ya kuliona. Ni jibu zuri, ila mume atasema nguzo moja katika maelfu haitapungua machoni pa mtu, na kwa hesabu hiyo amesema kweli. Mimi naona afadhali tumshike kwa neno lake mwenyewe. Anasema litaanguka usiku huu. Pengine. Pengine litaanguka baada ya miaka 80. Hajui. Anachokichukua ni ule muda uliobaki, nao anauita si kitu kwa sababu una mwisho. Akiendelea hivyo, hata matembezi yao ya leo si kitu, kwa maana jioni yatakwisha.

Tena anajificha nyuma ya baridi, kana kwamba amekopeshwa kazi yake. Lakini baridi haikuwa na njia nyingine. Yeye alikuwa nayo: angeweza kupita. Mwenye kumsukuma mgonjwa mahututi hawezi kusema kwamba ni ugonjwa uliofanya. Najua jiwe si mgonjwa, wala sisemi makosa haya mawili yalingane. Nasema udhuru ni mmoja, na mkono ukizoea udhuru kwa mambo madogo huukumbuka kwa makubwa.

Iko hoja ya watoto, na hiyo naiheshimu zaidi. Jiwe la hatari ni la hatari. Lakini atakaye kuwalinda watoto kwanza huwaondoa pale, kisha humwita askari wa hifadhi. Haanzi kwa kushangilia. Huko Bryce Canyon ipo sehemu nyembamba ya njia iitwayo Wall Street, kati ya kuta ndefu. Kila wakati wa baridi hufungwa kwa sababu ya barafu na mawe yaangukayo. Wanaozuiwa ni watu, na mawe yanaachwa yafanye yatakayo.

Mume bado anaweza kuuliza jambo moja: na hii njia tunayoikanyaga, haikuchongwa kwa sururu katika mwamba ule ule? Ilichongwa. Hapo mke itambidi aseme kama kuvunja mwamba ili maelfu wapite ni sawa na kuvunja ili mmoja acheke, na wana saa nzima ya kupanda mpaka ukingoni kulizungumza.