Mwalimu Aliye Nyumbani

Kijana wa Kisiwa cha Mfangano, katika mapango ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya duara, nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na Watwa, wawindaji walioishi huku kabla ya Abasuba. Michoro hiyo ina mwamba wa kuishikilia, na Makumbusho ya Amani ya Abasuba yanaitunza. Olusuba, lugha ya Abasuba, haina mwamba. Ina nyanya yako, nawe nyumbani labda mwasemezana Kidholuo tu. Nakusihi: ukimaliza hesabu jioni, chukua daftari uketi naye. Muulize majina ya samaki, ya pepo za ziwani, ya mimea ya dawa. Kesho yake lifunike daftari, ujipime kama unavyojipima Biolojia. Ukikosea, atakusahihisha.